Maswali ya Wasomaji: Maiki Zisizo na Waya kwa Kundi la Waimbaji Wanane

SWALI

Ndugu Mhariri, sisi ni kundi la waimbaji 8, wanawake 4 na wanaume 4, na tunaimba kwa sauti nne katika harusi, mahafali na ibada hapa Tanga. Mara nyingi tunaimba bila chombo chochote. Hadi sasa tunakodi maiki zenye waya, na waya hizo zinatutega miguuni kila tunapobadilishana nafasi jukwaani. Tumechanga Sh. 1,200,000. Muuzaji mmoja wa vifaa vya muziki Kariakoo ametushauri tununue seti ya maiki 8 zisizo na waya zenye risiva moja, yaani kifaa cha kupokea sauti zake, kwa bei isiyofika hata nusu ya fedha zetu, na anasema zinashika hadi mita 100. Fundi mmoja wa hapa mjini ametukataza, akisema seti za namna hiyo ni za karaoke. Tumsikilize nani?

Mwalimu wa kundi, Ngamiani, Tanga

JIBU

Mwalimu, fundi wenu amewaambia kweli, lakini inafaa mjue kasoro yenyewe iko wapi, kwa sababu mkimkimbia muuzaji huyu, mwingine atawawekea mbele sanduku lenye sura tofauti na kasoro ileile. Igeuzeni risiva hiyo mtazame mgongo wake. Sauti za maiki 8 zinaingia humo kwa njia ya hewa, kisha mara nyingi zinatoka zote kwa tundu moja, jeki nene kama ile ya gitaa. Maana yake ni kwamba sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne zimekwisha kuchanganywa kabla hazijafika kwenye miksa, na fundi mitambo, hata awe hodari kiasi gani, hana namna ya kumpunguza mwimbaji wa besi anayevuma bila kuwapunguza na wenzake, wala ya kumwongezea trebo mwimbaji wa sauti ya pili ambaye maneno yake hayasikiki. Baadhi ya seti hizo zina vitufe upande wa mbele, kimoja kwa kila maiki, lakini vitufe hivyo hupandisha na kushusha tu. Kwa mshereheshaji na wazungumzaji wa mahafali hilo halina neno. Kwa kundi linaloimba kwa sauti nne bila vyombo, mlingano wa sauti ndio kazi yenyewe, na mkiupoteza hakuna gitaa wala ngoma ya kuuficha upungufu huo. Tena risiva hiyo moja ikipata hitilafu katikati ya shughuli, mnanyamaza wote wanane kwa mpigo.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni hili: kila maiki mtakayonunua iwe na njia yake ya kutokea nyuma ya risiva, na ikiwezekana iwe ile ya pini tatu, XLR, kwa sababu waya wa aina hiyo unaweza kwenda mbali hadi kwenye miksa bila kuokota ngurumo za umeme. Seti ya maiki 2 yenye njia mbili za XLR ni mali bora kuliko seti ya maiki 8 yenye njia moja, hata kama bei zake zinalingana.

Swali linalofuata ni kama kweli mnahitaji maiki 8. Mimi naona hamzihitaji, na nalisema hili nikijua kwamba kila mwimbaji hupenda kushika yake. Kila mnapozidisha idadi ya maiki zilizo wazi mara mbili, mnapoteza kiasi cha desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) za nguvu mnayoweza kuipata kabla spika hazijaanza kupiga mluzi. Kutoka maiki 2 hadi 4 mnapoteza desibeli 3, na kutoka 4 hadi 8 mnapoteza 3 nyingine, kwa kuwa kila maiki iliyo wazi inaokota sauti ya spika na kuirudisha tena kwenye mitambo. Katika ukumbi wenye kuta tupu na paa la bati, tofauti hiyo inatosha kuwafanya wageni wa meza za nyuma waache kusikiliza. Zaidi ya hayo, maiki zikikaribiana sana, sauti ya mwimbaji mmoja huingia katika maiki ya jirani ikiwa imechelewa kidogo, na hapo sauti hupoteza unono wake na kuwa nyembamba kama inayotoka ndani ya bomba. Kanuni ya mafundi ni moja kwa tatu: ikiwa mdomo uko sentimita 20 kutoka kwenye maiki, maiki ya jirani iwe angalau sentimita 60 kutoka kwenye maiki hiyo.

Ninyi mko wawili kwa kila sauti. Maiki 4 zinawatosha, mbili zikiwa hazina waya na mbili zikiwa na waya kwenye stendi. Mwimbaji kiongozi apewe isiyo na waya, na ya pili ashike yule anayetembea au anayeitikia akiwa mbele ya hadhira. Wengine sita wasimame watatuwatatu kwenye stendi, bega kwa bega, kila mmoja akiielekea maiki kwa pembe ndogo. Waya zinazowatega miguuni zitapungua, na zitakazobaki zibandikwe sakafuni kwa utepe wa kitambaa, zipite nyuma ya waimbaji badala ya mbele. Maiki ya waya ya aina ya dainamiki, iliyo nzuri kabisa kwa kuimbia, inauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya isiyo na waya yenye ubora uleule, haihitaji betri, haigombanii masafa ya redio na mtu yeyote, na ikitunzwa inadumu miaka mingi. Shure SM58, ambayo wengi wenu mmewahi kuishika, ilianza kuuzwa mwaka 1966 na bado inatengenezwa. Angalizo: maiki hiyo ni miongoni mwa zinazoghushiwa sana duniani, kwa hiyo mkiiona mpya kwa bei ya chini ya kushangaza, iacheni.

Katika Sh. 1,200,000 zenu, ningeweka karibu theluthi mbili kwenye seti ya maiki 2 zisizo na waya, na zinazobaki zinunue maiki 2 za waya, stendi, waya zake na betri za kuchaji. Hesabu hiyo itawauma wale waliotarajia kila mmoja aondoke na maiki mkononi. Hata hivyo, mnaimbia mji uliotoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, mbele ya wazee waliozoea kusikia sauti ya mwimbaji ikiwa safi, na wao ndio watakaowaalika tena au kuwaacha.

Sasa tuje kwenye masafa, kwa kuwa hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Maiki za bei nafuu ziko za aina tatu. Za VHF, yaani za masafa ya chini zaidi kati ya aina hizo, ni za zamani, zinauzwa rahisi, na nyingi zina masafa yaliyofungwa kiwandani: mkikutana na kikundi kingine chenye seti kama yenu, mmoja wenu lazima azime. Za gigahezi 2.4 ni za kidijitali, sauti yake ni safi, na kuziunganisha ni rahisi sana. Kasoro yake ni kwamba zinatumia masafa yaleyale ya waifai na Bluetooth. Mkizijaribu saa nane mchana katika ukumbi mtupu zitafanya kazi bila dosari. Usiku wageni 300 wakiingia na simu zao, nyingi zikitafuta waifai, maiki zinaanza kukatakata silabi. Vilevile mwili wa binadamu hunywa mawimbi hayo kwa wepisi, kwa hiyo umati wenyewe ni kizuizi. Kwa chumba cha mazoezi au ibada ndogo zinafaa. Kwa harusi za Tanga, ambako watu husogea hadi miguuni pa mwimbaji kumtunza, mimi nisingezitegemea.

Zinabaki za UHF, na hizo ndizo ninazowashauri, mradi zina uwezo wa kubadilishwa masafa na mradi masafa yenyewe ni halali. Bendi ya UHF ya televisheni ilikuwa ikianzia megahezi 470 hadi 862. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata mwaka 2013. Sehemu ya juu ya bendi hiyo, kuanzia megahezi 694, imegawiwa mawasiliano ya simu katika kanda yetu ya dunia, na hapa nchini masafa ya megahezi 700 yako mikononi mwa kampuni za simu. Maiki inayofanya kazi humo inagombana na mnara wa simu, na mnara haushindwi. Isitoshe, mtumiaji wake anaingilia mawasiliano ambayo mwenzake amelipia leseni. Uingereza iliziondoa maiki katika masafa ya megahezi 694 hadi 790 mwezi Mei 2020, na vifaa vilivyotengenezwa kwa masafa hayo bado vinazunguka kama mtumba kwa bei ya kuvutia. Kabla ya kutoa fedha, someni kibandiko kilicho nyuma ya risiva na kwenye mwili wa maiki: namba za megahezi zimeandikwa hapo. Chagueni seti iliyo kati ya 470 na 694, kisha waulizeni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kama aina hiyo imeidhinishwa na kama matumizi yenu yanahitaji kibali. Seti isiyo na namba yoyote ya masafa msiinunue.

Mtakapokuwa na maiki mbili au zaidi, msijipangie masafa kwa kukisia. Maiki mbili zikifanya kazi pamoja huzaa mawimbi mengine ambayo hakuna aliyeyatuma, na yanaangukia mahali panapoweza kupigiwa hesabu: zidisheni masafa ya moja kwa mbili, kisha toeni ya nyingine. Mkiweka maiki ya kwanza kwenye megahezi 510.0 na ya pili kwenye 510.5, wimbi la ziada litaangukia 511.0, na mwenye maiki ya tatu aliyekaa hapo atasikia mikwaruzo asiyojua imetoka wapi. Ndiyo maana kupanga masafa kwa hatua zinazolingana, jambo linaloonekana la busara, huleta vurugu. Watengenezaji makini huandika katika kitabu cha maelekezo makundi ya masafa yaliyokwisha kupigiwa hesabu hiyo. Ninyi mchague kundi moja na kila maiki ichukue namba yake humo. Risiva nyingi za siku hizi zina kitufe cha kutafuta masafa yaliyo wazi. Kitumieni maiki zote zikiwa zimezimwa na televisheni na vifaa vingine vya ukumbini vikiwa vimewashwa, halafu washeni maiki moja baada ya nyingine.

Jambo la antena linahitaji jicho la karibu. Mawimbi ya megahezi 500 yana urefu wa sentimita 60, na yanapogonga bati, nondo na kuta hurudi na kukutana na yale yaliyokuja moja kwa moja. Mahali fulani yanaongezeana nguvu, na sentimita chache pembeni yanafutana kabisa, hivyo mwimbaji akihama hatua moja sauti inapotea, akirudi inarudi. Dawa yake ni risiva ambayo kwa kila maiki ina antena mbili na inachagua yenyewe, papo kwa papo, ile inayopokea vizuri zaidi. Seti nyingi rahisi za maiki 2 zina antena mbili pia, lakini kila antena inahudumia maiki yake, au moja imewekwa kwa urembo tu. Mwombeni muuzaji awashe maiki moja peke yake, kisha mtembee nayo polepole dukani huku mkitazama taa za risiva: zile zenye uwezo wa kweli huonyesha taa ya A na ya B zikipokezana.

Mkiwa dukani msiridhike na kusema “moja, mbili, moja, mbili”. Imbeni. Mwimbaji wa sauti ya kwanza aimbe noti yake ya juu kwa nguvu, kisha ashushe hadi mnong'ono, na wengine wasikilize kama mwishoni mwa neno kuna mvumo unaopanda na kushuka kama pumzi. Maiki za analojia hubana sauti wakati wa kuituma na kuifungua wakati wa kuipokea, na zile duni hufanya kazi hiyo kwa namna inayosikika. Washeni maiki zote kwa wakati mmoja, kwa kuwa moja ikiwa peke yake haitaonyesha ugomvi wa masafa. Zimeni moja mkiwa mmeacha spika juu, muone kama inazimika kimya au inapiga mlio mkali. Kisha mwimbaji ageuke na kuipa risiva mgongo, maiki ikiwa imebanwa kifuani. Habari ya mita 100 iacheni muuzaji aisimulie. Hizo ni mita za uwanja mtupu usio na mtu, ukuta wala simu. Mkipata mita 20 za uhakika ndani ya ukumbi uliojaa, mmepata mnachokihitaji.

Nimalizie jibu lenu kwa matunzo, kwa sababu hewa ya Tanga ina chumvi na unyevu, na vyote viwili huvila vyuma vya betri. Toeni betri kila shughuli inapokwisha, msiziache ndani hadi wiki ijayo. Msinunue zile za bei ya chini kabisa ambazo huvuja. Betri za AA za kuchaji za aina ya NiMH zinafaa, lakini zina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo kipimo cha chaji kwenye maiki nyingi kitaonyesha zimepungua mapema kuliko ukweli, na zikikaribia kwisha kweli zinaweza kukata ghafla. Wekeni zilizojaa chaji kabla ya kila shughuli bila kungoja taa nyekundu. Fungueni kichwa cha maiki mara kwa mara, osheni wavu na sponji kwa maji na sabuni kidogo, vikauke kabisa kabla ya kurudishwa, kwa kuwa ninyi mnapokezana maiki na mate ya mwenzako si jambo la kupuuza. Na wafundisheni waimbaji mahali pa kushika: mkono ukifunika wavu, maiki hupiga mluzi, mkono ukishika kitako, ambako maiki nyingi zina antena, mawimbi hayatoki. Mkono ukae katikati.

SWALI

Assalaam alaykum. Kikundi chetu cha kaswida kina seti ya maiki 2 za UHF, nzuri, tuliyopewa na mfadhili. Katika mazoezi haina tatizo, lakini kwenye maulidi ya uwanjani sauti hukatika mara tu watu wanaposimama. Fundi wetu anakaa na miksa nyuma ya hadhira. Je, tununue antena kubwa?

Ustadhi wa madrasa, Makorora, Tanga

JIBU

Waalaykum salaam. Ustadhi, msinunue kitu kwanza. Bila shaka risiva inakaa mezani kwa fundi, pembeni mwa miksa, na kati yake na waimbaji pana umati mzima. Watu wakiwa wameketi mawimbi hupita juu ya vichwa vyao. Wakisimama, wanageuka ukuta, kwa sababu mwili wa mtu una maji mengi na maji huyanywa mawimbi hayo.

Iondoeni risiva kwa fundi mkaipeleke jukwaani, pembeni, kiasi cha mita 5 kutoka kwa waimbaji. Iwekwe juu ya meza au stendi, juu ya usawa wa vichwa vyao, antena zikiwa zimefunguka kwa umbo la herufi V, na pasiwe na spika wala sanduku la chuma mbele yake. Kutoka hapo, pitisheni sauti hadi kwenye miksa kwa waya mrefu wa XLR. Hata mita 50 hautaidhuru sauti. Nyaya za umeme na jenereta zikae upande wa pili. Kama risiva yenu ina jeki nene peke yake, tafuteni kisanduku kinachoitwa DI, ambacho huigeuza njia hiyo ikawa ya XLR, na kiwekwe palepale jukwaani, si kwa fundi. Jaribuni hivyo kwanza, mkiwa na watu wachache waliosimama mbele ya jukwaa. Sauti ikikatika bado, badilisheni masafa kwa kutumia kitufe cha kutafuta mkiwa uwanjani penyewe, kwa kuwa masafa yaliyo wazi Makorora si lazima yawe wazi mahali pengine.